Miaka 65 na foleni ya kiti cha kushoto

Sisi tunaokaa upande wa Changamwe hatuhitaji kuambiwa kwamba ndege imetua Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa. Mngurumo unakata mazungumzo nusu dakika, kisha kila mtu anashika neno lake pale alipoliachia. Kwenye baraza letu yuko mzee mmoja ambaye hanyamazi kwa sababu ya kelele. Hunyamaza ili asikilize. Mngurumo ukifa atakwambia ndege ni ya aina gani. Alirusha ndege za abiria mpaka mkesha wa siku aliyotimiza miaka 65, na kulipopambazuka hakuruhusiwa tena.

Kando yake hukaa kijana wa jirani mwenye leseni ya urubani wa biashara. Aliipata Nairobi, uwanja wa Wilson, baada ya wazazi wake kuuza kiwanja. Huu ni mwaka wake wa tatu kupiga lami akitafuta kazi. Mwaka 2025 habari ziliposambaa kwamba mashirika ya ndege duniani yanataka marubani waongezwe miaka, kutoka 65 hadi 67, kijana aliweka kikombe cha kahawa chini, akasema kwa adabu zote: "Ami, samahani. Nyinyi mkiongezwa, sisi tutaingia lini?"

Mzee hakumjibu jioni ile. Nimeandika haya kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu wengi wetu tukisikia umri wa rubani tunafikiria macho, moyo na kumbukumbu. Hayo yamo. Lakini ukifukua kidogo utaona kwamba kinachowagombanisha wakubwa na wadogo ni foleni, na foleni hiyo ina kanuni zake ambazo msafiri hazioni.

Tuanze na hiyo 65. Kabla yake ilikuwa 60, na 60 yenyewe ilipata nguvu Marekani. Mwaka 1959 mkuu wa American Airlines, C. R. Smith, alikuwa kwenye mvutano na marubani wake. Alitaka wastaafu wakifika 60, wao wakakataa, na wasuluhishi wakawapa wao haki. Ndege za jeti ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na kumfundisha upya rubani aliyezeeka na ndege za mapangaboi kulikuwa na gharama yake. Smith akamwandikia Elwood Quesada, mkuu wa mamlaka ya anga ya nchi hiyo, akimwomba serikali iweke ukomo. Kanuni ikatoka mwaka huohuo, ikaanza kutumika Machi 1960. Kwa hiyo namba ile haikutoka kwa daktari peke yake. Ilizaliwa katikati ya ugomvi wa kazi, na ugomvi huo haujaisha hadi leo.

ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloweka viwango vya usafiri wa anga, lilipandisha ukomo hadi 65 mnamo Novemba 2006, likaweka sharti: rubani mmoja akiwa amevuka 60, mwenzake awe chini ya 60. Mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa, wazee wawili wakaruhusiwa kukaa pamoja. Ndege inayorushwa na rubani mmoja tu kibiashara ukomo wake umebaki 60. Kenya ni mwanachama, na kanuni zake za leseni zinafuata vipimo hivyo.

Kuna jambo hapa linalowachanganya watu. Kiwango cha ICAO kinabana safari za kimataifa. Ndani ya mipaka yake, nchi inaweza kuamua vingine: Japani imewaruhusu marubani wake kufika 67, na Kanada na Australia hazina ukomo wa juu kwa safari za ndani. Tuseme Kenya nayo ingefanya hivyo. Rubani wa miaka 66 angeweza kuwatoa abiria Mombasa na kuwafikisha Nairobi, zaidi ya kilomita 400, bila tatizo. Lakini Zanzibar, ambako hata kilomita 300 hazifiki, asingeweza kwenda, kwa kuwa hapo katikati kuna mpaka na Tanzania hailazimiki kumkubali. Mtu yuleyule, moyo uleule, asubuhi ileile. Tulishike hili, maana litarudi.

Kuhusu afya sitakawia sana. Rubani wa abiria hupimwa na daktari wa anga kila baada ya miezi 12, na akivuka 60 kila baada ya miezi 6. Juu ya hapo huingizwa kwenye simuleta, chumba kinachoiga ndege, akazimiwe injini na kuwashiwa moto wa bandia huku mkaguzi akimtazama. Hofu kubwa ni kuzimika ghafla, kama moyo kusimama, na hatari hiyo kweli huongezeka na umri. Ndiyo sababu moja ya kuwa na marubani wawili. Upande wa ustadi, picha si ile tunayoidhania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwafuatilia marubani 118 wa miaka 40 hadi 69 kwenye simuleta kwa miaka 3. Wazee walianza chini ya wadogo, lakini alama zao kwa jumla hazikushuka sana kama za wadogo, na waliokuwa na leseni za juu zaidi ndio walioshikilia vizuri. Umri ni kipimo kibovu cha mtu mmoja mmoja. Unatumika kwa sababu ni rahisi kuusoma kwenye kitambulisho.

Sasa twende kwenye foleni.

Ukitaka kuielewa, tazama tuktuk zinapopanga mstari kwenye steji. Wa mbele ndiye anayepakia. Akiondoka, wote nyuma yake wanasukuma hatua moja. Hakuna anayeuliza nani anaendesha vizuri zaidi, wala nani tuktuk yake mpya; kinachoulizwa ni nani alifika kwanza. Na ukiona mstari wa hapa hauendi, ukaamua kuhamia steji nyingine, huko unaanza mkiani, hata kama umeendesha miaka 20.

Mashirika mengi makubwa ya ndege, hasa Marekani na yale yaliyofuata utaratibu wake, huwapanga marubani namna hiyohiyo. Siku unayoajiriwa unapewa namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu: utarusha ndege gani, utakaa kituo gani, utapata likizo mwezi gani, Idi utakuwa na watoto au utalala hotelini mji wa watu. Juu ya yote inaamua lini utahama kutoka kiti cha kulia, cha rubani msaidizi mwenye mistari mitatu mabegani, kwenda kiti cha kushoto, cha kapteni mwenye mistari minne. Na mshahara huenda na kiti pamoja na ukubwa wa ndege, kwa hiyo kuchelewa kuhama ni pesa unayoikosa kila mwezi, na haitarudi.

Basi mchukue kapteni mmoja wa ndege kubwa, wa safari za mbali, aliye juu kabisa ya orodha. Siku anapostaafu, kapteni wa ndege ndogo anapanda kushika nafasi yake. Nafasi ya huyo inachukuliwa na msaidizi wa ndege kubwa aliyekuwa akisubiri kiti cha kushoto. Msaidizi wa ndege ndogo naye anapanda kwenye ndege kubwa. Chini kabisa kunabaki kiti kimoja kitupu, na hapo ndipo kijana wa barazani kwetu angeingia. Mtu mmoja ameondoka, watu wanne wamesogea. Mwongeze yule wa juu miaka miwili, na wale wanne wote wanasimama walipo kwa miaka miwili. Kwao nyongeza hiyo ni miezi 24 ya mshahara wa kiti cha chini, na hakuna aliyewauliza.

Hapa ndipo ile habari ya Zanzibar inarudi. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wenye kifungu cha kuwapeleka marubani hadi 67, wakati kiwango cha safari za kimataifa kingali 65. Chama kikubwa cha marubani wa nchi hiyo kikapinga, na hoja yake moja ilikuwa nzito. Makapteni waliofika 65 ndio wanaorusha ndege kubwa za kimataifa. Wasingeruhusiwa kuvuka mpaka, kwa hiyo wangeteremka kwenye ndege za safari za ndani, na kwa kuwa wana namba za juu wangewasukuma waliokaa humo. Aliyesukumwa naye angemsukuma wa chini yake, na kila aliyehamishwa angehitaji wiki kadhaa za mafunzo ya ndege mpya. Sheria iliposainiwa Mei 2024 kifungu hicho hakikuwamo. Mwaka uliofuata IATA, umoja wa mashirika ya ndege, ulilipeleka pendekezo la 67 mbele ya mkutano mkuu wa ICAO kule Montreal, na sharti la kwamba mmoja kati ya wawili awe chini ya 65. Namba haikubadilika.

Nimewahi kumuuliza mzee kwa nini marubani wenyewe wasiivunje orodha hiyo, watu wapandishwe kwa uhodari. Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Na hodari atasemwa na nani?" akaniuliza. "Bosi? Nikikataa kuondoka na ndege yenye hitilafu, nitakuwa hodari mwaka ule?"

Jibu lake ndilo shina la jambo. Orodha ilipiganiwa ili mwajiri asiweze kumpandisha anayekubali kuruka kwenye dhoruba na kumwacha chini anayekataa. Rubani mwenye namba hamwogopi meneja. Anaweza kusema ndege hii haiondoki, na kesho namba yake itakuwa palepale. Ni kinga ya abiria pia, ingawa abiria hajui kama anayo. Kwa hiyo anayesema orodha ni upuuzi wa vyama hajaifikiria mpaka mwisho.

Lakini kinga hiyo ina bei, na bei hulipwa na walio chini. Ukumbuke Januari 2009, ndege ya US Airways iliyotua kwenye mto Hudson, New York, watu wote 155 wakatoka hai. Dunia ilimjua kapteni, Chesley Sullenberger, wa miaka 57. Wachache walimtazama msaidizi wake, Jeffrey Skiles, mtu wa miaka 49 mwenye zaidi ya saa 15,000 angani. Alishawahi kuwa kapteni. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, orodha ilimrudisha kiti cha kulia. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa ametoka mafunzoni kwa aina hiyo ya ndege. Mtu wa uzoefu huo kukaa kulia haikuwa hukumu ya uwezo wake. Ilikuwa namba tu.

Na orodha hukata hata juu. Marekani ilipopandisha ukomo kutoka 60 hadi 65, sheria ilisainiwa tarehe 13 Desemba 2007. Aliyetimiza 60 siku iliyofuata aliendelea na kiti chake miaka mitano. Aliyetimiza siku chache kabla alikuwa ameshatoka, na kama alitaka kurudi, sheria ilimruhusu aajiriwe kama mgeni, aanze mkiani kabisa. Wiki moja ya kuzaliwa, miaka mitano ya kapteni. Nikifikiria watu wale huwa najiuliza walikaa vipi na wenzao wa rika lao.

Huku kwetu mambo yana sura yake. Kenya Airways ilianzishwa 1977, baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, na kizazi kilichofuata hapo kiliingia wakati viti vilikuwa vichache na waliosomea walikuwa wachache vilevile. Leo waliosomea ni wengi kuliko viti. Kijana hutoka chuoni na saa 200 hivi, kima cha leseni ya biashara, wakati leseni ya juu inayomfanya kapteni wa ndege ya abiria inadai saa 1,500. Katikati ya namba hizo mbili kuna bonde, na ndimo vijana wetu wanamozama. Ukisikia mashirika yanalia kwamba marubani ni haba, na huku kijana anakwambia hana kazi, hakuna aliyekudanganya. Kinachokosekana ni makapteni wenye saa nyingi, ambao mashirika ya Ghuba huja kuwachukua na mishahara minono. Wa saa 200 hatafutwi na mtu.

Kwa hiyo kijana wetu anamlaumu mzee nusu kwa haki. Hata wazee wote wakistaafu kesho, asingekalia kiti cha kushoto. Angepata kiti cha chini kabisa, tena kama kingebaki. Kilicho nje ya mikono ya mzee ni hilo bonde, na hilo lingezibwa na mashirika na serikali kwa kuwachukua wanafunzi na kuwalea mpaka saa zitimie, badala ya kuwaachia wazazi mzigo wa mamilioni na kisha kuwaambia watoto wao hawana uzoefu.

Na kwa nini mzee mwenyewe anataka kubaki? Wengine wanaipenda kazi, hilo halina siri. Lakini sikiliza madai ya chama cha marubani wa Kenya kilipogoma Novemba 2022: mojawapo lilikuwa mwajiri arudishe mchango wake kwenye akiba ya uzeeni, uliokuwa umesitishwa tangu wakati wa korona. Kapteni aliyekatwa mshahara mwaka 2020 akiwa na miaka 59, na akiba yake ikasimama, alibakiwa na miaka michache tu ya kujaza shimo lile, na ni ileile miaka ambayo kijana anaisubiri. Mstari wa foleni umebanwa pande zote mbili na pesa ambayo si ya mmoja wao.

Mimi naona 65 ibaki mpaka maswali mawili yajibiwe: walio chini watalipwa nini kwa kusimamishwa, na wa juu wamewekewa nini cha kuondokea. Bila hayo, kubadili namba ni kuhamisha maumivu kutoka bega hili kwenda lile. Na kama siku moja itapandishwa, ipandishwe dunia nzima kwa pamoja, na kwa hatua, asije mtu kukosa miaka mitano kwa wiki moja.

Limebaki jambo ninaloliogopa zaidi ya pesa, nalo ni kile kinachotokea wawili hawa wakifungiwa chumba kimoja. Pwani tumelelewa kumwamkia mkubwa. Kijana anaingia, "Shikamoo, Kapteni," anaitikiwa "Marahaba, mwanangu," na baada ya dakika 40 huenda akalazimika kumwambia huyohuyo kwamba amekosea. Maneno hayo hukwama kooni. Mwaka 1977 kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, kapteni mkubwa wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alianza kukimbiza ndege kabla ya kuruhusiwa, walio pamoja naye wakasema kwa kusitasita, na watu 583 wakafa. Kutoka hapo marubani duniani walianza kufundishwa namna ya kusema na namna ya kusikiliza. Somo hilo limetufikia kwa gharama yetu wenyewe pia. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka usiku muda mfupi baada ya kuondoka Douala, Kameruni, watu 114 wakapotea. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi 23, na uchunguzi ulitaja, pamoja na kapteni kupotewa na uelekeo gizani, upungufu wa ushirikiano kati ya wawili hao. Miaka 52 si uzee wala 23 si utoto. Shida ilikuwa kwenye nafasi iliyokuwa katikati ya viti.

Lugha yetu ilikuwa na jibu zamani. Kabla ya kupanda angani, rubani alikuwa mtu wa majini, na pale Kilindini bado yuko. Nahodha ndiye mwenye chombo, rubani ndiye anayeijua njia ya kuingilia. Meli kubwa namna gani, nahodha awe na mvi kiasi gani, humsikiliza mtu aliyepanda sasa hivi kwa ngazi ya kamba, na hapungukiwi kitu. Chumba cha marubani kinahitaji adabu ya namna hiyo, inayokwenda pande zote mbili. Na chuki ya foleni huiua. Msaidizi anayeamini kwamba mtu wa kushoto amekalia riziki yake hatamsaidia kwa moyo wote, na kapteni anayejua kwamba anahesabiwa siku hatapenda kusahihishwa.

Wiki chache baada ya swali lile nilichelewa barazani, nikawakuta wawili hao wamebaki peke yao. Kukomea 65 hakumnyang'anyi mtu leseni. Humzuia kurusha ndege za biashara tu, za abiria au za mizigo, na mzee alikuwa ameitwa Nairobi kufundisha kwenye simuleta. Alikuwa amelaza kijiko juu ya sinia ya kahawa, kikielekea upande mmoja kaskazini mashariki, upande mwingine kusini magharibi, kama njia kuu ya Moi ilivyo.

"Kaskazi ikivuma, unashukia huku, upepo unakuja usoni, raha," alikuwa akisema. "Kusi ikishika, unageuza. Lakini kusi ya hapa hainyooki, itakugonga ubavu wa kushoto. Pua utaielekeza wapi?"

Kijana alifikiri, akakisogeza kikombe kidogo kushoto kwa kidole kimoja.

"Zidisha," mzee akamwambia. "Sasa mguu wa kulia unafanya nini?"